Kidude kinacholia piii: kutoka kitanda cha Rais hadi sarafu za Kilwa

SEHEMU YA 1: KIFIMBO CHA MLINZI

Mama zangu, na akina baba mnaosoma kimyakimya bila kukomenti, tunawaona. Wiki hii tunaweka pembeni uji wa lishe na kadi za kliniki, tunaingia kwenye historia. Msikimbie. Mtaona wenyewe inatuhusu.

Karibu kila mmoja wetu ameshapitishiwa kile kifimbo cha mlinzi, mlangoni benki au uwanja wa ndege. Kinapita kifuani kimya, kinapita mfukoni kimya, kikifika kwenye chuma cha mkanda, piii! Kuna watu duniani wanatembea na kifaa cha aina hiyo hiyo, chenye mpini mrefu na sahani ya duara chini, wanazunguka mashambani na ufukweni wakisikilizia sarafu za kale, pete za ndoa zilizodondoka, hereni na vifungo vya nguo za watu waliokufa zamani. Siku za mapumziko ndiyo starehe yao, kama wengine wanavyopenda mpira.

Ndani yake hakuna uchawi. Kuna waya uliozungushwa mara nyingi, unapitishiwa umeme, na umeme huo unatengeneza uwanja wa sumaku. Chuma, shaba, fedha au dhahabu ikiingia kwenye uwanja huo, unavurugika, na kifaa kinageuza ule mvurugiko kuwa sauti. Basi. Lakini shikeni jambo moja, litatufuata hadi mwisho wa mfululizo huu: kifaa kinakuambia KUNA KITU. Hakikuambii ni kitu gani, ni cha nani, wala kimefikaje hapo. Hayo ni kazi ya binadamu.

Tukimaliza, mtajua kwa nini Rais wa Marekani alikufa ingawa kifaa hiki kililetwa kitandani kwake, namna nyundo iliyopotea ilivyomtajirisha mstaafu mmoja, na sarafu za kwetu Kilwa zilikuwa zinafanya nini Australia.

SEHEMU YA 2: RISASI YA RAIS

Tarehe 2 Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi kwenye stesheni ya treni mjini Washington. Mpigaji aliitwa Charles Guiteau. Risasi moja ilimparuza mkono, nyingine ikaingia mgongoni na kubaki ndani. Hakufa siku ile.

Wakati huo eksirei haijagunduliwa. Madaktari walitafuta risasi kwa njia waliyoizoea: kuingiza vidole na vyuma kwenye kidonda. Vidole havikuoshwa. Naomba mrudie kuisoma hiyo sentensi. Daktari wa Uingereza, Joseph Lister, alikuwa ameshachapisha tangu 1867 kwamba kusafisha mikono, vifaa na vidonda kwa dawa kunazuia usaha na vifo. Wakubwa wengi wa udaktari Marekani bado walikuwa hawaamini mambo ya vijidudu wasivyoviona kwa macho.

Ndipo akaja Alexander Graham Bell, yule yule wa simu. Alichukua koili mbili za waya akazipanga zitulizane, zisitoe sauti yoyote. Kipande cha chuma kikikaribia, utulivu unavunjika, na sauti inasikika kwenye kipokeo cha simu. Alitaka kumpapasa Rais kwa sauti badala ya vidole. Alijaribu mara mbili, tarehe 26 Julai na tarehe 1 Agosti.

Hakufanikiwa. Sababu zenyewe zinaumiza. Kwanza, godoro la Rais lilikuwa na waya za chuma ndani, jambo lisilokuwa la kawaida kwa magodoro ya wakati ule, na zilivuruga usikivu wa kifaa. Pili, daktari mkuu, Willard Bliss, alishaamua kwamba risasi iko upande wa kulia, akaruhusu upande huo tu ndio upimwe. Risasi ilikuwa kushoto.

Garfield aliteseka wiki 11 hivi, akadhoofika, mwili ukajaa usaha, akafariki tarehe 19 Septemba. Walipompasua waliikuta risasi upande wa kushoto, nyuma ya kongosho, mwili ukiwa umeizungushia ukuta wake. Wanahistoria wengi wa tiba wanaona maambukizi ndiyo yaliyommaliza. Risasi ile pengine angeweza kuishi nayo.

Mimi kama nesi, hapa napata picha ya wodi zote duniani. Kifaa kipya kinaletwa, kila mtu anakishangaa, kumbe kilichokosekana ni maji na sabuni, pamoja na mkubwa mmoja wa kusema "hebu tuangalie na upande wa pili".

Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo vitabu vingi vinairuka. Wakati Bell akihangaika na mgonjwa wa taifa, mke wake, Mabel, alikuwa mjamzito. Katikati ya Agosti 1881 alijifungua kabla ya wakati mtoto wa kiume, Edward. Mtoto alishindwa kupumua vizuri akafariki. Baada ya msiba huo Bell alitengeneza fulana ya chuma ya kusaidia kupumua, inayovuta na kusukuma hewa kuzunguka kifua. Ni mmoja wa wazee wa mashine za kupumulia tulizo nazo leo. Kwa hiyo majira yale yale ya joto, mtu yule yule alijaribu kuokoa Rais akashindwa, akampoteza mwanawe, na hakuacha kufikiria. Mama mliojifungua njiti mnaelewa kwa nini nimeliweka hili hapa.

SEHEMU YA 3: MABOMU, KISHA MASHAMBA

Tarehe 8 Novemba 1895 Wilhelm Röntgen, Ujerumani, akagundua mionzi ya eksirei. Ndani ya miezi michache hospitali zilikuwa zinapiga picha za risasi na sindano zilizobaki mwilini. Kifaa cha Bell kikaanza kusahaulika kwa wagonjwa. Hakikufa, kilibadilisha kazi.

Miaka ya 1930 Gerhard Fischer, Mjerumani aliyehamia Marekani, alikuwa akishughulika na vifaa vya redio vya kuelekeza ndege. Akaona vinadanganya vikiwa karibu na madini. Badala ya kulaumu mashine, akaugeuza ule udhaifu kuwa biashara: akaanza kuuza mashine za kutafutia madini na mabomba ardhini.

Halafu vita. Mwaka 1941, afisa wa Poland aliyekuwa Uingereza, Józef Kosacki, alibuni kifaa chepesi cha kutafuta mabomu ya ardhini ambacho askari mmoja anaweza kukibeba. Vifaa 500 vilitumika kwenye vita vya El Alamein, Misri, mwaka 1942, askari wakisafisha njia ya kupita. Kosacki hakukikatia hati miliki. Alikitoa bure kwa jeshi la Uingereza, na jina lake likafichwa, kwa sababu familia yake ilikuwa Poland chini ya Wajerumani. Angejulikana, wangelipa wao.

Vita vilipokwisha, vifaa vya jeshi vilivyozidi viliuzwa kwa raia. Baadaye transista zikafanya mashine ziwe ndogo na za bei nafuu. Kufikia miaka ya 1970, mtu wa kawaida Uingereza au Marekani alikuwa na uwezo wa kununua detekta na kwenda kutafuta sarafu shambani Jumamosi. Kifaa kilichozaliwa kitandani kwa mgonjwa, kikakulia vitani, sasa kikawa cha starehe.

Na hospitali? Kimerudi kidogo kidogo. Kwenye baadhi ya nchi, idara za dharura hutumia kifimbo kama cha mlinzi kumpima mtoto aliyemeza sarafu, kuona ipo wapi bila kumpiga mionzi mara nyingi.

Najua inbox itajaa, kwa hiyo nijibu kabisa. Sarafu ikishafika tumboni, mara nyingi hutoka yenyewe kwa haja kubwa. Hatari ni ikikwama kwenye koo la chakula: mtoto anatoa udenda, anakataa kula, anakohoa au anashika shingo. Usimtapishe. Usimsukumie ugali au ndizi "ishuke". Mpeleke hospitali.

Na hapa ndipo lile neno la sehemu ya 1 linarudi. Detekta inalia piii kwa shilingi, na inalia piii kwa betri ndogo ya duara, ile ya saa, rimoti na midoli ya kuimba. Kwa kifaa zote ni chuma. Kwa mtoto ni mbingu na ardhi. Betri ikikwama kooni inaweza kuanza kuunguza ndani ya saa 2. Kwa hiyo ukijua, au hata ukihisi tu, kwamba amemeza kitu cha duara na huna uhakika ni nini, usisubiri choo cha kesho. Eksirei ndiyo inayotofautisha.

SEHEMU YA 4: NYUNDO ILIYOPOTEA

Tutoke hospitali, twende shambani. Kijiji cha Hoxne, mkoa wa Suffolk, Uingereza, tarehe 16 Novemba 1992. Mkulima alipoteza nyundo yake. Akamwomba rafiki, mstaafu aitwaye Eric Lawes, aje na detekta yake amsaidie kuitafuta. Lawes alikuwa amepewa detekta ile kama zawadi ya kustaafu.

Piii. Akachimba. Vikatoka vijiko vya fedha, mikufu ya dhahabu, na sarafu, na sarafu, na sarafu.

Sasa jiulize ungefanya nini. Lawes alitoa kiasi, akaona ukubwa wa jambo, akaacha kuchimba. Wakatoa taarifa kwa wenye ardhi na polisi. Kesho yake wataalamu wa mambo ya kale wakaja wakachimba taratibu, wakipima na kuandika kila kitu kilikaa wapi.

Jumla: sarafu karibu 15,000 za dhahabu, fedha na shaba, na vitu vingine vya dhahabu na fedha vinavyofika 200. Ni za mwisho wa utawala wa Warumi Uingereza, zilizikwa baada ya mwaka 407. Kwa sababu Lawes alikuwa ameacha udongo utulie, wataalamu waliweza kuona kwamba vitu vilipangwa ndani ya sanduku la mbao lililokwisha kuoza, vingine vikiwa kwenye visanduku vidogo vyenye vikufuli vya fedha. Yaani waliona jinsi familia ilivyofunga mizigo ikijiandaa kukimbia hatari. Waliificha wakitegemea kurudi. Hawakurudi.

Kwenye bangili moja ya dhahabu kumeandikwa maneno ya kumtakia bibi mmoja aitwaye Juliane aivae kwa furaha. Miaka 1,600 ardhini, na jina la mwanamke limebaki. Na kati ya vyombo vya fedha kulikuwa na vikopo vinne vya kuwekea viungo, vile vya pilipili manga. Pilipili manga ya wakati huo ilitoka India, ikivuka bahari ile ile inayopiga Pwani yetu.

Lawes na mkulima waligawana zawadi ya pauni milioni 1.75. Mali ipo Makumbusho ya Uingereza, London. Na nyundo? Ilipatikana! Nayo ipo makumbusho.

Mwaka 1996 Uingereza ilipitisha sheria mpya ya hazina: ukipata vitu vya aina iliyotajwa, toa taarifa ndani ya siku 14, na ukifuata utaratibu unaweza kupata zawadi. Pia wakaanzisha mpango wa kuandikisha hata vitu vidogo ambavyo watu wanaokota, na sasa vimepita milioni 1. Si kwamba Waingereza wote ni waaminifu, wezi wa usiku wapo. Ila mtu mwaminifu amewekewa mlango wa kugonga.

SEHEMU YA 5: SARAFU ZA KWETU

Turudi nyumbani. Karne nyingi kabla ya Mreno kufika, masultani wa Kilwa walikuwa wanapiga sarafu zao wenyewe, nyingi za shaba, ndogo, zenye jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtaja Mungu upande mwingine. Na yale maneno ya pande mbili yana vina! Waswahili na ushairi tena, hata kwenye hela ya kununulia samaki.

Mwaka 1944, wakati wa vita, askari wa Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yake. Akaokota sarafu tisa ufukweni, kwa macho tu, bila mashine. Akaziweka kwenye kopo. Mwaka 1979 akazipeleka zikatazamwe. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa.

Kilwa! Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, maelfu ya kilomita. Zilifikaje? Meli ya Kiswahili? Mholanzi aliyezibeba mfukoni? Mabaharia wa Indonesia? Mpaka leo watu wanabishana, na sababu kubwa ni kwamba zilikaa kwenye kopo miaka 35 kabla mtu yeyote hajauliza zilikuwa zimelala na nini. Kitu kikishatolewa ardhini bila kuandikwa, nusu ya hadithi yake inabaki kwenye shimo.

Linganisha na Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 watafiti walichimbua hapo sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala wa huku Pwani kama Ali bin al-Hasan. Pamoja nazo zilikuwepo sarafu chache za dhahabu kutoka nchi za Kiarabu. Zile za fedha hazikuwa na mwaka. Za dhahabu zilikuwa nao, na zilionyesha karne ya 11. Kwa kuwa zilizikwa pamoja, dhahabu ikaipa fedha umri wake. Watawala waliodhaniwa kuwa wa baadaye sana wakaonekana ni wa zamani zaidi.

Sasa fikiria kama mtu angefika kwanza usiku na mashine, akachukua dhahabu akauza, akatupa vile vipande vyeusi vya fedha. Watoto wetu wangefundishwa tarehe za uongo, na hakuna ambaye angejua kwamba ni za uongo.

SEHEMU YA 6: MALI ZA MJERUMANI NA ADA YA MTOTO

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike zote.

Mwaka 1916, Vita Kuu ya kwanza ikiwa imepamba moto na meli za Ujerumani haziwezi kufika, Wajerumani walipiga sarafu Tabora, kwenye karakana ya reli. Kati ya hizo ilikuwepo ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo na mlima nyuma yake, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke. Zilipigwa kama 16,000. Hii ni historia ya kweli, na wakusanyaji wa sarafu duniani wanaitafuta kwa bei kubwa.

Kwenye ukweli huo mdogo ndipo uongo mkubwa umeotea. Kila mji wenye boma la Mjerumani una hadithi ya mali iliyofichwa chini ya mwembe. Watu wanachimba magofu, wanachimba hata makaburi. Wanakuja vijana na "mashine ya kupima" na "ramani", na mtu wa kati mwenye suti. Baba anaombwa achangie, ada ya shule inaenda, bati za nyumba zinaenda. Wengine wanauziwa "rupia" yenye nguvu, eti inavuta punje za mchele. Mama, sarafu haivuti mchele. Ikivuta, kuna ujanja.

Mambo manne ya kukaa nayo:

Moja, sheria. Tanzania tuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, Kenya wana sheria yao ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Kuchimba mali ya kale bila kibali ni kosa. Ukiokota sarafu au chombo cha kale, usikisugue kwa mchanga wala ndimu, piga picha pale pale kilipo, kumbuka mahali, kisha wapelekee taarifa ofisi ya mambo ya kale, makumbusho, au serikali ya mtaa ikuelekeze.

Mbili, mashimo. Shimo la kuchimbwa kwa kuiba halina kingo wala mbao. Udongo ukishuka, haubishi hodi. Na likiachwa wazi, mvua ikija ni kisima cha kuzamisha mtoto.

Tatu, si kila chuma ni hela. Mwaka 2017 huko Ngara, Kagera, bomu la mkono lililookotwa kama chuma chakavu lililipuka shuleni Kihinga, likaua wanafunzi na kujeruhi wengi. Ngara ipo mpakani, na maeneo yote yaliyopitiwa na vita, huko Congo, Burundi, kaskazini mwa Uganda, yana vyuma vya namna hiyo. Mfundishe mtoto maneno matatu kama unavyomfundisha kuvuka barabara: usiguse, ondoka, sema. Usimpeleke mtoto kuokota skrepa maeneo hayo hata kama kilo inalipa.

Nne, kidonda cha chuma chenye udongo ni mlango wa pepopunda. Kioshe kwa maji mengi na sabuni, kisha njooni kituo cha afya tuangalie chanjo. Msifanye kama wale wa 1881.

Na kama unataka kuwapa watoto utamu wa kutafuta vya kale bila shimo wala tapeli, anza na bibi. Fungua ile sanduku yake, au kopo la vifungo. Humo kuna uwezekano wa kukuta senti 10 ya zamani ya Afrika Mashariki yenye tundu katikati, za wakati wa Waingereza, watu walikuwa wanazitunga kwenye kamba wasizipoteze. Mwulize bibi hela ile ilinunua nini, alipewa na nani, kwa nini hakuitumia. Andika majibu kwenye karatasi na tarehe, uyaweke pamoja na sarafu. Mtoto mdogo akae mbali nayo, mnajua kwa nini.

Nawasubiri kwenye komenti: kwenu bibi ametunza nini?